Honda inayolia asubuhi: oili ipi ni ya pawa steringi yako

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Honda CR-V ya 2004, nimeinunua kwa mtu mwaka jana. Asubuhi nikiwasha na kukata kona ya kutoka getini, usukani unalia, ule mlio wa kuvuta mwiii. Gari likipata moto mlio unapungua. Oili ya pawa steringi inashuka kila baada ya wiki tatu hivi. Fundi wa kwanza aliongeza ATF nyekundu. Wa pili akasema nimeharibiwa gari, Honda inataka haidroliki yake. Dukani nikaambiwa oili ni zilezile, kinachotofautiana ni rangi. Jirani yangu ana Noah, anaweka ATF miaka yote na haijamsumbua. Desemba nasafiri na watoto kwenda Iringa. Niweke oili gani, na je, pampu imeshakufa?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo la pampu maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kwa hayo uliyoeleza, pampu yako haijafa. Pampu iliyokufa hainyamazi gari likipata moto. Inalia mchana kutwa na usukani unakuwa mzito. Oili sahihi ya gari lako ni ile ya Honda yenyewe, inayoitwa PSF, au ya kampuni nyingine iliyoandikwa wazi nyuma ya chupa kwamba inafaa kwa Honda PSF. ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, si mahali pake. Ila hata ukiweka PSF leo jioni, kesho asubuhi litalia tena, kwa sababu mlio huo na ule upungufu wa kila wiki tatu vinatokana na uvujaji. Kwa hiyo una mambo mawili mkononi, na mafundi wako wote wawili wameshughulika na moja tu.

Tuanze na oili, ndiyo uliyoiuliza.

Funua boneti ukiwa umezima injini, tafuta kile kichupa cha plastiki chenye alama mbili ubavuni, ya juu na ya chini. Futa kifuniko chake kwa kitambaa, usikifungue kwanza. Utakuta maandishi yanayosema utumie oili ya pawa steringi ya Honda peke yake. Maandishi hayo yanafunikwa na vumbi na grisi mpaka fundi anapita juu yake bila kuyaona, wakati jibu lote limeandikwa pale. Ukienda kwenye Noah ya jirani yako ya miaka ile ya mwishoni mwa tisini, kifuniko kitakutajia Dexron II au III, yaani ATF. Jirani hajakosea hata kidogo. Yeye anaweka kile kifuniko chake kinachosema. Kosa ni kuchukua ushauri wa kifuniko cha Toyota na kuupeleka kwenye Honda.

Sasa kwa nini watengenezaji wawili, wote Wajapani, watake oili mbili tofauti kwa kazi ileile? Ndani ya mfumo huo kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu inasukuma oili kwenda kwenye raki, lile bomba nene lililolala chini nyuma ya injini, ambalo miisho yake inashika magurudumu ya mbele. Ukigeuza usukani, vali inaruhusu oili iende upande mmoja wa pistoni iliyo ndani ya raki, na hiyo nguvu ndiyo inakusaidia. Tairi lako lina upepo wa bar mbili na kitu. Ndani ya raki, ukikata usukani mpaka mwisho, presha inaweza kupita bar 80. Na kinachoizuia oili ya presha hiyo isitoke nje ni pete nyembamba za mpira tu, sili na oringi, nyingine hazizidi unene wa uzi wa viatu.

Mhandisi anapochagua mpira wa zile pete anakuwa ameshajua oili itakayozigusa. Kila oili inaufanya mpira uvimbe kidogo, na uvimbe huo mdogo umehesabiwa kwenye vipimo. Ukileta oili yenye kemikali nyingine, mpira unaweza kusinyaa na kukakamaa, ukaanza kupitisha. Au unavimba kupita kiasi, unalainika, na kulika. Tena ATF imetengenezwa kwanza kwa ajili ya gia boksi ya otomatiki, ina viungo vya kufanya klachi za ndani zishike bila kushtuka. Toyota, Subaru na Mitsubishi za miaka ile waliamua kuitumia kwenye usukani pia na wakachagua mpira unaoendana nayo. Honda hawakuamua hivyo, na kitabu chao cha gari kinaonya waziwazi kuhusu kutia ATF.

Hii haina maana kwamba ATF iliyotiwa mara mbili tatu imeua mfumo wako. Nimepokea Honda nyingi zilizotembelea ATF miezi na bado raki zake zilikuwa kavu. Madhara yanakuja polepole, na ukiisafisha mapema unayakwepa. Fundi wako wa pili alisema kweli kuhusu oili, ila akakutisha kupita kiasi.

Oili ambayo haina msamaha ni ya breki. Hapa naomba unisikilize vizuri, wewe na kila anayesoma. Nilipokuwa saidia fundi, gereji moja hapa Dar, ililetwa Mark II usukani wake mzito. Kichupa kilikuwa kimeshuka, na karibu yangu palikuwa na chupa ya oili ya breki iliyobaki kwenye kazi nyingine. Nikaimimina kama nusu kikombe cha chai. Usukani ukawa mwepesi, mwenye gari akaondoka na furaha. Baada ya wiki kama mbili akarudi, chini ya gari kunadondoka. Tulipofungua raki, mkubwa wangu alinipa sili moja nishike. Niliibana kwa vidole ikabonyea, laini kama bazoka iliyotafunwa, na imekuwa kubwa kuliko mfereji wake. Raki nzima ilibidi inunuliwe nyingine. Oili ya breki ni ya asili ya glaikoli na mpira wa breki ni wa aina yake; sili za usukani ni za mpira mwingine kabisa. Kila oili inakula mpira wa mwenzake. Na kosa likifanyika kinyume ni baya zaidi, maana oili ya usukani au ATF ikiingia kwenye kichupa cha breki, sili za breki zinavimba na breki zinaweza kukukatalia barabarani. Vichupa hivi viwili vyote viko chini ya boneti moja. Kabla mtu hajamimina chochote, mwambie akusomee kifuniko kwa sauti.

Kuhusu yule wa duka la spea aliyesema tofauti ni rangi. Rangi ni dawa tu inayotiwa kiwandani ili oili itambulike ikivuja. ATF nyingi ni nyekundu, PSF ya Honda ni angavu yenye umanjano kidogo, na Wajerumani wana ya kijani. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kufuata rangi hizo, na oili ikichakaa zote zinaelekea kwenye kahawia. Nimeona watu wakichanganya mbili kwa sababu zote ni nyekundu, na wengine wakiogopa kuchanganya mbili zinazofanana kabisa kwa sababu moja imepauka. Ukiwa dukani geuza chupa, soma nyuma. Unatafuta jina la kiwango ambacho kifuniko chako kimekitaja. Chupa iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba inafaa magari yote, na nyuma haitaji hata kiwango kimoja, irudishe kwenye shelfu. Na zile oili za kupimiwa kutoka kwenye dumu, hata ukiambiwa ni nzuri vipi, hazifai kuingia kwenye mfumo huu. Oili inayotosha gari zima haizidi sana lita moja. Bei utakayookoa hapo haifiki hata robo ya bei ya raki iliyotumika.

Wenye Toyota na Subaru za zamani nao nina neno lao kuhusu Dexron, maana wengi wanaiona kama jina la oili moja. Ni jina la viwango vya General Motors, na vimekuwa vikibadilika tangu miaka ya sitini. Dexron III ilitoka 1993, Dexron VI ikaja 2005, na baada ya 2006 General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron III. Kwa hiyo chupa ya leo inayosema Dexron III haina mkaguzi wa General Motors nyuma yake. Una neno la kiwanda kilichoijaza peke yake. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wachague kampuni yenye jina la kulinda. Dexron VI ni nyepesi kidogo kuliko III. General Motors wanairuhusu ichukue nafasi ya III, lakini kwa raki yenye miaka zaidi ya ishirini, kwenye joto letu la pwani, mimi binafsi nabaki na iliyotengenezwa kwa kiwango cha III.

Wenye Volkswagen, Audi na BMW nyingi za miaka ya 2000 wawe makini kuliko wote. Wengi wao wanatumia oili ya kijani ya haidroliki, maarufu kwa jina CHF 11S. Ikiwa baridi inatiririka kwa wepesi zaidi sana kuliko ATF. Ila BMW za zamani zilitumia ATF, kwa hiyo hata jina la BMW halikwambii kitu mpaka usome kifuniko. Nissan nao hutofautiana kwa modeli na mwaka. Na kama una Passo au Honda Fit, usinunue oili yoyote, usukani wako ni wa umeme, una mota, hauna pampu wala kichupa. Kuna mteja aliwahi kuuziwa chupa mbili kwa ajili ya Passo.

Turudi kwenye mlio wako, ambao kwangu ndio kiini cha barua yako.

Oili ya usukani haichomwi kama ya injini. Mfumo umefungwa, na oili ileile inazunguka humo miaka. Ikishuka kila wiki tatu, inatoka mahali. Na unaposema asubuhi inalia, ikipata moto inapungua, mimi nafikiria hewa kabla ya kitu kingine. Asubuhi, ule ubaridi unaoshuka kutoka Uluguru unaifanya oili iwe nzito kidogo, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na kama kuna oringi iliyokakamaa upande wa kuvuta, hewa inaingia pamoja na oili. Mlio unaousikia ni mapovu yakipondwa ndani ya pampu. Injini ikipata joto, mpira unalainika kidogo, oili inakuwa nyepesi, hewa inapungua.

Fanya hivi kesho asubuhi. Washa gari, mtu mwingine ageuze usukani kulia na kushoto taratibu, wewe fungua kifuniko cha kichupa uchungulie kwa tochi. Oili ikiwa na povu, au imegeuka rangi ya waridi iliyofifia kama mtindi uliotiwa juisi ya stroberi, hewa inaingia. Kwenye Honda za umri wa gari lako, mkosaji wa kwanza ninayemtafuta ni oringi iliyopo pale bomba la kutoka kwenye kichupa linapoingia kwenye pampu. Ni kipete kidogo kuliko pete ya kidoleni. Miaka ishirini ya joto la injini inakifanya kigumu kama plastiki, na ukikitoa kinakatika mkononi. Fundi anaweza kupaka grisi nene kuzunguka maungio hayo injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, mmepata ugonjwa. Kipete hicho ni cha bei ndogo sana na kazi yake ni ya nusu saa. Watu wamebadilishiwa pampu nzima kwa ajili yake, mlio ukabaki palepale.

Lakini kipete hicho kinavuta hewa kuliko kinavyomwaga oili, kwa hiyo upungufu wako huenda una njia yake nyingine. Tandika kadibodi safi chini ya upande wa mbele usiku mmoja. Kisha fundi aangalie mpira wa presha, yaani bomba linalopeleka oili kwenye raki, pale unapobanwa na chuma, maana hapo ndipo hutoa jasho. Halafu aminye zile kava za mpira zenye mikunjo kwenye miisho ya raki. Ndani ya kava panatakiwa pawe pakavu. Ukisikia kitu kinachezacheza kama maji kwenye puto, sili za raki zinapitisha, na oili imekuwa ikijificha humo bila kudondoka chini. Hiyo ndiyo hali ya gharama, na ni bora uijue sasa kuliko Desemba. Dawa za kuziba uvujaji zinazouzwa dukani zinafanya kazi kwa kuvimbisha mpira. Zitakupa wiki chache, halafu sili inakuwa mbovu zaidi ya mwanzo. Sizipendi.

Uvujaji ukishazibwa ndipo mnasafisha ile ATF. Usianze na kusafisha, utamwaga fedha. Nunua lita mbili za PSF. Njia ninayoipenda kwa gari la nyumbani ni ya bomba la sindano kubwa, lile lisilo na sindano. Injini ikiwa imezimwa, fundi anyonye oili yote iliyo kwenye kichupa, ajaze mpya hadi alama ya juu, awashe, ageuze usukani kulia na kushoto mara chache, azime, anyonye tena. Kila mzunguko unaondoa kama theluthi moja ya oili ya zamani. Ukirudia mara sita inabaki chini ya sehemu moja ya kumi, na hiyo haina madhara. Njia ya haraka ni kuchomoa mpira wa kurudishia oili kwenye kichupa na kuuelekeza kwenye dumu huku mwingine akijaza, ila inataka watu wawili wanaosikilizana, maana kichupa kikikauka sekunde chache pampu inavuta hewa na inajisaga bila kilainishi. Oili hiyohiyo ndiyo kilainishi chake pekee.

Tone la oili itakayotoka mara ya kwanza lidondoshe kwenye tishu nyeupe. Likisambaa na kuacha duara jekundu lililofifia, ni ATF tu. Likiacha chembe nyeusi, mipira ya ndani inamomonyoka. Ukiipindisha tishu juani na kuona vumbi linalometa kama fedha, hapo pampu imeanza kujila, na maneno yangu ya mwanzo kuhusu pampu nitayafuta.

Kumalizia, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe na kuwekwa kwenye stendi, siyo jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, usukani ugeuzwe polepole mwisho hadi mwisho mara kumi na kitu, hewa ipande. Kisha injini iwashwe na hilo lirudiwe, bila kuushikilia mwishoni zaidi ya sekunde chache. Ule mguno unaousikia pale mwishoni ni vali ya usalama, na oili inachemka haraka sana mtu akiubana hapo.

Safari ya Iringa. Kama oili inashuka kwa kasi hiyohiyo ya wiki tatu na kava za raki ni kavu, gari litafika, mradi ubebe nusu lita ya PSF na ukichunguze kichupa asubuhi injini ikiwa baridi, na tena mkisimama Mikumi. Kama raki inamwaga, usipande mlima Kitonga nayo. Pawa ikikatika usukani bado unageuka, magurudumu yanaendelea kukutii, lakini unakuwa mzito ghafla, na kwenye zile kona kali, lori mbele, lori nyuma, watoto ndani, hapo si mahali pa kuanza kuuzoea uzito huo. Tena oili ikidondokea ekzosi iliyopata moto mlimani inaweza kuwaka. Ukiona moshi au kunusa oili inayoungua, paki, zima, washushe watoto kwanza ndipo ufunue boneti.

Fanya ile ya tochi kesho na uniandikie umeona nini kwenye kichupa. Ukiweza nipigie picha ya kifuniko pia, tuhakikishe kwamba aliyekuuzia hakukibadilisha na cha gari jingine. Hilo nalo nimeshalikuta.